Njia Tatu za Kutoa Kizazi

"Njia iliyopendekezwa ni ya matundu madogo ya tumboni," Fundi likasema. "Kizazi kitasagiwa humo humo tumboni, kisha kitafyonzwa. Hakutakuwa na kovu kubwa. Unakubali?"

Lilisema kwa sauti ya upole, sauti ya binti anayemuuliza mgeni chai iwe ya maziwa au ya rangi. Hospitali nzima humwita Fundi kama mtu. Fundi amesema, Fundi amekataa, utadhani kazaliwa akanyonya. Mimi hapana. Dude ni dude. Mikono myembamba inaning'inia darini kwenye chumba cha upasuaji, na kule wodini kuna kioo ukutani cha kuongelea na wagonjwa, basi. Mimi ni msimamizi wa chumba cha kubangulia korosho, nimezeeka na mashine, na sijawahi kuiamkia mashine hata moja.

"Kisagwe?" nikauliza. "Kama karanga?"

"Kwa lugha rahisi, ndiyo."

Dokta Mmuya alikuwa kasimama pembeni, mikono nyuma. Mtu mrefu, mabega yameshuka. Zamani alipasua watu kwa mikono yake na uwanda wote ukamjua. Siku hizi kazi yake ni kusimama karibu na Fundi na kuitikia. Nikamwona anauma mdomo.

"Njia nyingine hakuna?"

Likaeleza. Ipo njia ya chini, kizazi kinatolewa kule wanakopitia watoto, hupasuliwi tumbo popote. Lakini changu kilikuwa na uvimbe mmoja mkubwa kama kichwa cha mtoto, hakipiti. Na ipo njia ya kufungua tumbo, kisu kinapita chini ya kitovu, kizazi kinainuliwa kizima, uvimbe ukiwa ndani yake. Hiyo inauma, na mtu hukaa kitandani sana. Fundi huichagua pale tu uvimbe unapotiliwa shaka.

"Na wangu mbona huutilii shaka?"

"Kwa sababu ya majibu yako, Bi Mwajabu. Ulisema bado unaziona siku zako kama kawaida. Uvimbe wa mwanamke wa namna hiyo mara nyingi sana huwa si wa hatari."

Siku zangu zilikuwa zimekatika zamani. Na damu iliyorudi mwaka ule haikuwa na siku wala mwezi, ilikuja ilipotaka na kuondoka ilipotaka, na hakuna aliyeijua ila mimi na somo wangu.

*

Dokta alinifuata kwenye korido nikiwa nimeshika ukuta.

"Bi Mwajabu, ulimwambia Fundi ukweli?"

"Ukweli upi?"

"Wa damu."

"We Dokta! Mama yako hakuchezwa unyago? Dada zako hawakuchezwa?"

Akainamisha kichwa. Ni mtu wa huku huku, anajua. Msichana wa uwandani akiingia unyagoni, jambo la kwanza anafundwa ni kwamba damu yake haisemwi. Mume anaonyeshwa shanga, nyekundu au nyeupe, anaelewa mwenyewe. Mwingine yeyote akiuliza, awe mkwe, awe nesi, awe nani, jibu ni moja: kawaida tu, alhamdulillahi. Anayeambiwa yote ni somo wako, yule mwanamke aliyekushika mkono ukiwa mwari, na yeye anakwenda nayo kaburini. Sasa mimi nifundwe vile, nichapwe kwa kusahau, halafu niende kuropoka mbele ya kioo chenye taa?

"Nilijibu kama wanavyojibu wote," nikasema.

"Ndiyo ninachokiogopa." Akashusha sauti. "Uvimbe unaokua baada ya siku kukatika, na damu ikarudi, mimi usingizi singepata. Huenda kuna saratani ndani. Ukisagwa humo tumboni, vipande vinaruka kila mahali, juu ya utumbo, juu ya ini, na hakuna wa kuviokota."

"Si mnichome sindano mkate kipande mpime?"

"Sindano inaweza kuchukua pazuri ikaacha pabaya. Uvimbe huu unajulikana ukishatoka. Mzima."

Sikuhitaji kuelezwa zaidi. Ganda la korosho lina mafuta yanayobabua ngozi. Ukilipasua kwa adabu, korosho inatoka nzima na mafuta yanabaki gandani. Ukilisaga, mafuta yameingia kote na mzigo wote ni wa kutupa. Nimewafukuza kazi wasichana kwa kosa hilo. Leo tumbo langu ndilo lililotaka kufanywa hivyo, na dude limeniuliza kwa adabu kama nakubali.

"Twende nikaliambie," nikasema.

"Utaweza?"

"Nife kwa haya, Dokta? Twende."

*

Haya nilizipata zote. Nilisimama mbele ya kile kioo, wodi nzima inasikia, nikasema mambo ambayo marehemu mume wangu hakuyasikia mdomoni mwangu. Nikasema siku zilikatika lini, damu ilirudi lini, ilikuwa ya rangi gani. Jasho lilinitoka mgongoni. Nyuma yangu mwanamke mmoja akasema "yarabi toba" na kujifunika kanga.

Fundi likajibu.

"Asante kwa jibu jipya. Jibu hili halilingani na jibu lako la kwanza. Pia halilingani na majibu ya wanawake wa uwanda huu. Katika kumbukumbu zangu zote, hakuna mwanamke wa uwanda huu aliyewahi kuona damu baada ya siku zake kukatika."

"Hakuna hata mmoja?"

"Hakuna."

Nilicheka mpaka uvimbe ukaniuma. Bibi zetu, mama zetu, shangazi zetu waliokauka vitandani huku kanga zinafuliwa kwa siri nyuma ya nyumba, wote hao kwa dude lile walikuwa wazima kabisa. Kawaida tu, alhamdulillahi.

"Sikiliza wewe," nikasema. "Wamekudanganya. Wote. Na mimi nilikudanganya."

"Wagonjwa wanaoogopa upasuaji mara nyingi hubadili majibu," likajibu kwa upole ule ule. "Nimeandika kwamba una hofu. Nitakuongezea dawa ya kutuliza."

Nilivua kandambili nikakirushia kioo. Hakikupasuka.

Dokta alinikalisha kitandani akanieleza. Dude haliamini neno la mtu mmoja. Linamweka mtu katikati ya wenzake, wa umri wake na wa mahali pake, kisha linapima. Wenzangu wote walikuwa wamesema jambo moja, kwa hiyo mimi ndiye niliyepotea. Kwenda Mtwara hakusaidii, kwenda Dar hakusaidii. Fundi wa kule ndiye huyu huyu, ana kumbukumbu zile zile.

*

Kitanda cha jirani na changu alilala Fatu, binti wa mimba ya kwanza. Kondo la nyuma limekaa mlangoni, mtoto hana pa kupita, kwa hiyo kalazwa asubiri kupasuliwa mimba ikikomaa. Alikuwa na mdomo mrefu yule mtoto! Anaongea akila, anaongea akisuka nywele, na anacheka kila kitu, hata kandambili langu alilichekea mpaka nesi akamkemea asije akajiumiza. Ugali wangu nilikuwa siwezi kuumaliza, anaumaliza yeye.

"Mama, unalipenda sana dude lile," akaniambia. "Umelipa zawadi ya kiatu."

"Nyamaza, kula."

Jioni ile akaja somo wangu, Bi Asumini. Mfupi, mkavu, kanga mbili na fimbo. Nikajikokota nikapiga goti.

"Shikamoo, somo."

"Marahaba, mwari wangu. Nimesikia umevua nguo mbele ya ukuta."

Kumbe habari imeshafika sokoni. Nikalia. Sikulia kwa Dokta, sikulia kwa dude, lakini mbele ya Bi Asumini nililia kama siku ile aliponitoa ndani, nikiwa mwari. Nikamweleza yote. Nikamwomba awaite makungwi, makungwi wawaite wari wao, waje mmoja mmoja waseme ukweli mbele ya kioo, wanawake wengi kadiri inavyowezekana.

Alinisikiliza mpaka mwisho akichora sakafuni kwa ncha ya fimbo.

"Hilo linapeleka wapi maneno?" akauliza.

"Sijui, somo."

"Linaongea na nani huko linakotoka?"

"Sijui."

"Mimi nimewaambia mabinti wa uwanda huu wafunge midomo kwa sababu kuna walioachwa kwa ajili ya damu, wapo waliopigwa, wapo walioitwa wachawi. Leo niwaambie wafungue, wamfungulie nani?" Akatikisa kichwa. "Hawatakuja, Mwajabu. Hata nikiwaita, watakuja watajibu vile vile, kisha watakwenda nyumbani wakijisifu kwamba hawakuniangusha."

Nilijua anasema kweli, na nilimkasirikia hivyo hivyo.

Akainuka. Nikadhani anaondoka. Akaenda moja kwa moja mpaka kwenye kioo, akaegemeza fimbo ukutani, akajifunga kanga kiunoni kama mtu anayetaka kupigana.

"Wewe," akaliambia. "Mimi ni Asumini binti Nalinga. Nilikatika damu nikiwa na wajukuu. Kisha ikarudi. Nilivuja mpaka nikawa siwezi kwenda matangani. Umesikia? Mimi. Kungwi wa makungwi."

Fatu alikuwa kaacha kutafuna. Mimi nilitamani sakafu ipasuke nimpitishe mama yule akaondoke asionekane na mtu, kwa maana hakuna kungwi aliyewahi kufanya hivyo tangu uwanda huu uitwe uwanda.

"Asante, Bi Asumini," likasema Fundi. "Majibu yenye sura hii sasa ni mawili. Ni machache mno kubadili pendekezo."

Bi Asumini alichukua fimbo yake. Alipopita kitandani kwangu hakunitazama, aliniwekea mkono kichwani tu, akatoka.

*

Kesho yake Dokta Mmuya akavuta kiti akakaa karibu yangu. Alikuwa hajanyoa ndevu.

"Nitakufungua mimi," akasema.

"Inawezekana?"

"Mikono ninayo bado. Siahidi kwamba utapona, labda uvimbe umeshatoka nje ya kizazi. Lakini nitakitoa kizima, kama kinavyostahili kutolewa."

Moyo ulinipaa. "Basi nifungue, unangoja nini?"

Akatazama viatu vyake. "Kuna sharti. Daktari akimpinga Fundi akashika kisu mwenyewe, Fundi anajifunga. Hospitali nzima. Hagusi mgonjwa mwingine mpaka wakaguzi watoke makao makuu waje wachunguze, na barabara yetu unaijua masika haya. Wanaweza kuchukua miezi."

"Na hao wanaosubiri?"

"Nitabaki mimi."

"Wewe peke yako."

"Mimi peke yangu. Bila damu ya akiba. Fundi huosha damu ya mtu inayomwagika na kumrudishia mwenyewe palepale, mimi siwezi."

Fatu alikuwa kalala ubavu, mgongo kwetu. Hakuwa anaongea, na yule mtoto asipoongea ujue anasikiliza.

"Tusubiri Fatu ajifungue kwanza," nikasema.

"Baada ya Fatu yupo wa kitanda cha dirishani. Baada yake watakuja wengine. Wodi hii sijawahi kuiona tupu, Bi Mwajabu. Na uvimbe wako hausubiri."

Semeni mtakavyo, mimi si malaika. Nilimtazama Fatu mgongoni, nikaitazama wodi, nikasema, "Nifungue." Nilitaka kuishi. Nina nyumba, nina wajukuu wasiojua kupika, nina sauti bado ya kugombeza watu kazini. Kwa nini mimi? Nilisema nifungue na sikuona haya.

Fatu akageuka. Macho yalikuwa mekundu lakini sauti ilikuwa ndogo, yenye heshima.

"Mama, na mimi atanipasua nani?"

"Dokta huyu hapa."

"Nikivuja?"

Dokta akainuka akarudisha kiti ukutani. Fatu akajifunika shuka mpaka kichwani.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa nimeshaogeshwa, nimevaa gauni la kijani, nimelazwa kwenye kitanda cha magurudumu mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Dokta alikuwa ndani anasugua mikono kwa sabuni, namsikia maji yakimwagika. Alikuwa bado hajaligusa dude wala hajashika kisu. Hapo nikasikia wodini mtu anapiga kelele, "Damu! Fatu anamwaga damu!"

Walimleta mbio. Shuka lilikuwa limelowa lote na linadondosha njia nzima. Wakasukuma kitanda changu ukutani kumpisha, akapita karibu yangu sana, uso umekuwa kama majivu, midomo inatikisika lakini haitoi neno. Mlango ulibaki wazi. Nikaona ile mikono ikishuka kutoka darini, yote kwa pamoja. Mmoja umeshika mshipa, mwingine umekata, mwingine unanyonya damu na kuirudisha kupitia mrija mwekundu, na Dokta Mmuya kasimama katikati, mikono imejaa povu, hana la kufanya. Kabla sijamaliza kuomba dua, mtoto akalia. Kisha Fundi likasema kwa sauti ile ya chai, "Mama yuko salama."

Dokta akatoka akaja kuniinamia. Povu lilikuwa limemkaukia viganjani.

"Ungekuwa wewe," nikamuuliza, "ungeweza kumwokoa?"

"Hapana."

"Hata kwa bahati?"

"Bi Mwajabu, hapana. Si kwa damu ile."

Tungewahi kidogo tu, dude lingekuwa limejifunga, mimi nimelala tumbo wazi, na Fatu amekufa mlangoni na mtoto wake tumboni. Na kule wodini, mlango ukiwa wazi, yule wa kitanda cha dirishani alikuwa ameketi, kajishika tumbo, ananitazama. Sikumjua hata jina.

Nilikasirika sana. Niliwakasirikia makungwi, na shanga, na wanawake wote waliojibu kawaida tu, na waliotengeneza dude wakalipa masikio ya kusikia wengi tu. Nilimkasirikia Fatu kwa kupona.

"Liambie nimekubali," nikasema.

"Njia ya matundu?"

"Nina njia nyingine?"

Dokta akashusha pumzi ndefu, mabega yakalegea. Alikuwa mtu mwema, na alifurahi kwamba hatalazimika. Nilimchukia kwa pumzi ile.

*

Sikusikia maumivu yoyote. Nikaamka na plasta ndogo ndogo tumboni, utadhani nimeumwa na mbu. Jioni nikatembea. Manesi wakanisifu. Fatu alinililia begani akaniletea mtoto nimshike, msichana, mweusi ti, anapiga chafya. Alisema atampa jina langu. Nikamwambia asithubutu, ampe jina la mtu mwenye bahati.

Majibu ya nyama iliyosagwa yalikuja nikiwa nimekaa kitandani nafunga mizigo. Dokta aliyatazama, akakaa chini, akavua miwani. Fundi ndilo lililosema.

"Bi Mwajabu, uvimbe ulikuwa na saratani. Picha mpya zinaonyesha vipande vimeshika sehemu nyingi za tumbo."

"Sasa unaniamini?"

"Jibu lako limehifadhiwa kama la kipekee."

Kipekee. Nikamtazama Dokta, analia waziwazi, mtu mzima. Nikamwambia aache, ananitia aibu.

"Njia iliyopendekezwa sasa ni kufungua tumbo," likaendelea dude. "Unakubali?"

"Ukinifungua utafanya nini?"

"Nitatazama ilipofika."

"Kisha?"

"Nitatoa kinachotoleka. Vingi havitatoleka. Kisha nitafunga."

"Nitapona?"

"Hapana. Unakubali?"

Nikachukua mfuko wangu wa nguo. Nikavaa kandambili. Kwa mara ya kwanza tangu niingie hospitali ile nililijibu dude bila kupandisha sauti, nikaliambia hapana. Likanishukuru, likaandika kwamba mgonjwa amekataa kufunguliwa tumbo.